Mwaka wa Namba Kumi na Nne

Habari ya kifo cha Elia Ndahani ilinikuta saa nne asubuhi, nimepiga magoti nyuma ya kabati la mitambo, kazi ambayo mtu wa umri wangu angekuwa ameshaiacha. Aliyeniandikia ni mwanawe, ambaye tumeonana mara mbili tu. Baba amepumzika alfajiri, mazishi keshokutwa nyumbani Hombolo. Nikasoma, nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea kukaza waya niliokuwa nimeushika, kwa kuwa mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Mwenzangu wa zamu, asiyejua kilichonipata, akaniuliza swali ambalo huulizwa kila mwaka pale ofisini: hivi tutahama lini moja kwa moja? Alikuwa anazungumzia anwani mpya za intaneti, zile ndefu zenye namba na herufi, ambazo tulishazianza zamani na mpaka leo zinatumika sambamba na zile fupi za kale, bila mpya kushika nafasi yote wala za kale kukubali kuondoka. Nikamjibu kwamba sijui. Sikumwambia kuwa mtu wa kwanza kunionyesha anwani ya aina ile, akiwa ameiandika kwa penseli nyuma ya fomu ya likizo, ndiye aliyefariki asubuhi hiyo. Wala sikumwambia kuwa mwaka alionionyesha ndio mwaka niliomfukuzisha mtu kazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilipanga chumba mtaa wa Kikuyu, Dodoma, ingawa nyumbani kwetu mjini hapakuwa mbali. Sababu zake ni za kifamilia na hazina nafasi hapa. Kazi yangu ilikuwa msaidizi wa kitengo cha kompyuta katika shirika la umma ambalo sitalitaja, lililokuwa likinunua karanga, ufuta na alizeti za nyanda zetu za kati tangu enzi ambazo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzinunua. Sasa wafanyabiashara walikuwa wanakwenda wenyewe vijijini na malori, na Shirika letu lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Miezi ya mwanzo ya mwaka ule walikuja wathamini kutoka Dar es Salaam, wanaume wanne wenye makopo ya rangi nyeupe. Walipita chumba hadi chumba wakiandika namba kwenye kila kitu: viti, makabati, mizani, feni, hadi birika la chai la masjala. Mtu ulikuwa unatoka kujisaidia, unarudi unakuta kiti chako kina namba na rangi haijakauka. Wengine walichafua nguo. Tangu siku hizo, mtu yeyote aliyetaka kuhesabu kitu pale ofisini alitazamwa kwa jicho baya. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini hata wakiagizana maandazi.

Elia ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo, na kitengo kilikuwa sisi wawili. Alikuwa Mgogo mrefu, mkimya, wa umri wa miaka arobaini na kidogo, mwenye kuvaa sweta moja la kijivu tangu baridi ya Juni mpaka vumbi la Agosti. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia bila kuinua macho kwenye karatasi, kisha aliniita "binti" siku nzima. Alinifundisha kila ninachokijua. Siku ya kwanza kabisa alinieleza hivi: Shirika zima lina anwani moja tu ya intaneti huko nje, kama lilivyo na sanduku moja la posta. Kompyuta zetu thelathini na kitu zote zinatoka kwa anwani hiyo moja. Ndani, mtambo wa mlangoni unaipa kila kompyuta namba ya muda ili ujue jibu likirudi ulipeleke wapi. Nikamuuliza kwa nini kila kompyuta isiwe na anwani yake yenyewe. Akasema anwani za dunia zinakwisha, zilitengenezwa wakati hakuna aliyefikiri kwamba Dodoma nayo ingetaka. Ndipo alipogeuza ile fomu ya likizo na kuniandikia anwani ya mfumo mpya. Alisema mfumo huo una nafasi hata ya kuipa kila punje ya uwele iliyoko ghalani anwani yake na zikabaki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akitabasamu.

Chakula cha mchana tulikula chumba cha takwimu. Mwenye chumba, bwana mmoja mhasibu wa mavuno, alikuwa amehamishiwa Singida na hakuna aliyeletwa badala yake. Kilikuwa upande wa kusini wa jengo, jua halikifiki, na kilikuwa na meza ndefu ambayo zamani walimwagia sampuli za karanga. Kompyuta ya yule bwana ilibaki pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua, na aliyetaka kusoma barua pepe zake wakati wa mapumziko alifunua kitambaa akasoma. Tulikula hapo watu wanane au kumi. Harufu ya karanga haikuwahi kutoka ukutani. Tulileta vyakula vyetu kwenye hotipoti na kugawana, na hapo ndipo nilipojua mlenda unavyoweza kupikwa namna nyingi, kwa sababu dada Perisi aliuleta kila siku na kila siku ladha yake ilikuwa nyingine.

Perisi alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya Kaimu Meneja Mkuu. Alitoka Mlali, alinizidi miaka kumi au zaidi, na alipanga chumba kilichotazamana na changu pale Kikuyu, ua mmoja, koki moja, kamba moja ya nguo. Yeye ndiye aliyenitafutia chumba. Nilipofunga Ramadhani mwaka ule alinipikia uji wa uwele wa kufuturia, akauweka kwenye kibao mlangoni pangu umefunikwa sahani, bila kugonga. Jioni tulikuwa tunakaa kwenye vigoda uani, yeye akichambua mboga, mimi nikisimulia mambo ya mitambo ambayo hakuyaelewa wala hakujifanya kuyaelewa. Alikuwa na mazoea ya kuniuliza swali moja tu, kisha kunyamaza mpaka nimalize lote. Nikitazama nyuma naona kwamba hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile.

Katikati ya mwaka Elia aliomba awaeleze wafanyakazi kuhusu anwani mpya. Alikuwa ameandika pendekezo la kurasa sita: tuanze polepole, mifumo yote miwili iende pamoja, ili siku ya siku tusishtukizwe. Tulikusanyika ukumbini, Kaimu amekaa mbele. Elia hakuwa msemaji mzuri. Alipofika kwenye habari ya kila kompyuta kuwa na namba yake inayojulikana dunia nzima, niliona watu wakitazamana. Karani wa ghala akauliza namba hizo anazitoa nani. Mwingine akauliza kama zitapigwa rangi. Wachache walicheka, si wengi. Dereva wa siku nyingi akataka kujua kwa nini kitu kinachofanya kazi kibadilishwe mwaka huu huu tunaouzwa, na kama mnunuzi ndiye aliyetaka kompyuta zihesabiwe kwanza. Elia alijibu kwamba hakuna aliyemtuma. Kule kulikana jambo ambalo hakuna aliyelisema waziwazi kulizidisha wasiwasi. Mwisho Kaimu alisimama akamuuliza ni kampuni gani inayouza mfumo huo na yeye anapata nini. Elia akasema hauuzi mtu, ni utaratibu tu wa dunia. Kaimu akazikunja kurasa sita mara mbili, akazitia mfukoni, na hatukuzisikia tena kwa muda.

Mwezi wa tisa, gazeti moja la Dar es Salaam lilichapa orodha ya wafanyakazi wa Shirika watakaopunguzwa kabla mnunuzi hajaingia. Majina yote, yamepangwa kwa alfabeti, walinzi na wafagizi na wapakiaji wa ghala ambao hawakuwa wameambiwa lolote. Gazeti lilipita mkono hadi mkono mpaka likachanika kwenye mikunjo. Jina langu halikuwamo. La Perisi halikuwamo. Niliona mlinzi wa getini, mtu mzima, akiwa amesimama na kidole juu ya jina lake kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke. Chama cha wafanyakazi kilikuja juu, na zoezi likaahirishwa. Kaimu alikuwa na mtu wake huko kwenye gazeti, akapata nakala ya barua pepe iliyoleta orodha. Aliyeituma alitumia jina la kubuni, lakini juu ya barua kulikuwa na anwani ya mtandao ilikotokea, nayo ilikuwa ile yetu moja. Ilitumwa Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana. Basi aliyeituma ni mmoja wetu, na kwa kuwa anwani ilikuwa ya wote, sote tukawa watuhumiwa.

Siku zilizofuata sijui nizielezeje. Pale chumba cha takwimu tulianza kula haraka. Mtu akiingia, maneno yalikatika katikati. Orodha ile ilikuwa imechapwa na Perisi mwenyewe kwa amri ya Kaimu, kila mtu alilijua hilo, ila disketi yake ilikaa wiki nzima kwenye droo isiyo na kufuli, na waliopita pale ni wengi. Nami nilianza kumpeleleza rafiki yangu. Jioni uani alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Aliacha kuniuliza lile swali lake moja. Mara moja nilimkuta anachoma karatasi kwenye jiko la mkaa, nikajiambia ni ushahidi, ilhali sote tulikuwa tunawashia jiko kwa karatasi za ofisi kila siku. Niligundua kwamba mtu ukishaanza kumshuku, hata anavyokunja kanga yake unaona ana sababu.

Elia hakuwepo. Alikuwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya wiki mbili, ya hizo hizo anwani mpya, kwa ruhusa aliyoipata kabla ya gazeti. Jumatatu Kaimu akaniita mimi. Ofisi yake ilikuwa na mapazia mazito ya kijani yaliyofungwa mchana kutwa, na sahani ya zabibu juu ya meza ambazo hakumkaribisha mtu. Aliniuliza kama mtambo wetu unaweza kuonyesha kompyuta iliyotuma barua ile, au tumsubiri Elia. Alilisema neno "tumsubiri" kwa namna iliyonichoma. Nikasema naweza. Akasema, "Basi nenda, na usimwambie mtu."

Nilifungua mtambo wa mlangoni. Kumbukumbu zake zilionyesha waziwazi: Jumatano ile, saa saba na dakika kumi, kompyuta yenye namba ya ndani kumi na nne ilikwenda kwenye tovuti ya barua pepe iliyotumiwa kutuma orodha. Nikafungua orodha ya namba za ndani kuona kumi na nne ni nani. Ilikuwa kompyuta ya mpiga chapa wa Kaimu. Naikumbuka sekunde hiyo kuliko siku yangu ya ndoa. Nilihisi huzuni, ndiyo, lakini kabla ya huzuni nilihisi raha: nilikuwa nimeshuku, na nimeshuku sawasawa. Nikaandika namba na jina kwenye karatasi, nikapeleka. Kaimu alisoma akauliza kama nina uhakika. Nikasema mashine haidanganyi.

Kesho yake saa tatu Perisi aliitwa, saa nne akatoka na bahasha. Sikuthubutu kwenda chumba cha takwimu mchana. Nilichelewa kwa makusudi kurudi Kikuyu, lakini bado nilimkuta uani anasonga ugali kama siku zote, na akaniita nile naye. Nikala. Nilimega ugali, nikachovya mlenda wake, nikameza. Tulikula karibu mpaka mwisho. Kisha akasema wamemwambia kwamba mtambo umemtaja. Akanawa mkono, akaufuta taratibu, akaniuliza lile swali lake moja ambalo sikuwa nimelisikia kwa wiki mbili.

"Wewe unaijua mitambo, mdogo wangu. Inaweza kunitaja mimi?"

"Inaweza," nikasema.

Hakunitazama kwa hasira. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea maelezo ya fundi, akakusanya vyombo. Jumamosi alipanda gari la Kongwa kurudi kwao Mlali na mabegi mawili na godoro lililofungwa kwa kamba. Nilisikia anavyoagana na mama mwenye nyumba, nami nikabaki ndani nimekaa kitandani, nikijiambia kwamba mtu aliyeiba siri za ofisi hastahili kuagwa.

Elia alirudi Jumatatu iliyofuata akiwa amechangamka, na mkoba umejaa karatasi. Nilimsimulia yote. Nilimsimulia kwa sauti ya mtu anayejilinda lakini pia, lazima niseme ukweli, ya mtu anayengoja kusifiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza orodha ya namba za ndani niliyoisoma ilikuwa ya siku gani. Sikumwelewa. Akaniuliza tena: ya Jumatano ile, au ya siku niliyoifungua? Nikasema ni orodha, ipo moja. Akavuta kiti. Akanikumbusha kwamba Ijumaa, siku mbili baada ya barua kutumwa, umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka mchana, na mtambo wetu nao ulizimika. Uliporudi, kila aliyewasha kompyuta yake alipewa namba upya, wa kwanza kuwasha akapata ya kwanza, na kuendelea. Kumi na nne ya Jumatatu haikuwa kumi na nne ya Jumatano. Orodha ya zamani ilikuwepo, kwenye faili ambalo mimi sikujua kuwa lipo. Alilifungua mbele yangu. Jumatano ile namba kumi na nne ilikuwa imekaliwa na kompyuta ya chumba cha takwimu, ile ya kitambaa cha maua, isiyo na mwenyewe.

"Kumi na nne si mtu, binti," akasema. "Ni kiti. Aliyewahi ndiye anayekalia."

Nilimuuliza tufanye nini. Akasema mmoja wetu atakwenda kwa Kaimu kesho asubuhi, na ni afadhali niwe mimi, maana akienda yeye sitajisamehe kamwe. Alikuwa sahihi, na hata hivyo sikujisamehe. Nilikwenda. Nilisimama mbele ya mapazia ya kijani nikaeleza kukatika kwa umeme, na orodha mbili, na chumba ambacho kila mtu aliingia. Kaimu alinisikiliza huku akila zabibu. Alipoelewa aliuliza, je, nina uhakika kwamba si Perisi? Nikasema sina uhakika kuwa ni yeye wala kuwa si yeye; nina uhakika tu kwamba haikuwa mashine yake. Akasema barua imeshaandikwa, jalada limeshafungwa, na kwamba tangu mwanzo alijua aliyechapa ndiye aliyetoa. Karatasi yangu ilimsaidia tu kuandika sababu. Kisha akafungua droo, akatoa zile kurasa sita za Elia, bado zimekunjwa mara mbili, na akaniambia nimwite.

Nilikuwepo chumbani, kwa hiyo nayasema niliyoyasikia kwa masikio yangu. Kaimu alimuuliza Elia kama chini ya mfumo huo mpya kosa kama langu lingetokea. Elia alisema lisingetokea kwa urahisi, kila kompyuta ingekuwa na anwani yake hadi nje. Kaimu akauliza: basi barua kama ile ikitoka, tutajua papo hapo imetoka kwa nani? Elia akasema tutajua imetoka mashine ipi. Kaimu akasema kwake ni mamoja, na kwamba anaidhinisha, tuanze mwezi huo huo, vifaa vitanunuliwa. Nilimtazama Elia. Mtu huyu alikuwa ameungojea mfumo huo miaka miwili, aliuota, aliwahi kunichorea ramani ya jengo zima na anwani ya kila meza. Alizichukua zile kurasa mezani, akazinyoosha kwa kiganja.

"Naomba niliondoe pendekezo langu, mzee," alisema. "Nimerudi kutoka mafunzoni, nimeona vifaa vyetu haviko tayari."

Kaimu akamwambia atanunua vipya. Elia akasema hata vipya haviko tayari. Kaimu akamuuliza kama anajua anachokifanya. Elia akasema anajua. Nadhani kuanzia pale Kaimu aliamini kwamba Elia ndiye aliyetuma orodha, au alijua aliyetuma, na pengine wengine waliamini hivyo pia. Ofisini watu hawakuwa na haya ya kusema kwamba safari yake ya Dar ilikuwa ya kujificha, ingawa aliondoka baada ya barua kutumwa na kabla haijachapwa, au kwa sababu hiyo hiyo. Mimi mwenyewe niliwaza hivyo. Ndivyo mwaka ule ulivyotufanya. Mkataba wake ulipokwisha Desemba haukuongezwa. Mnunuzi alikuja mwaka uliofuata, akafunga Shirika na kuchukua maghala tu. Elia akaenda kufundisha, akapanda mizabibu kwao Hombolo, na kila nilipobadilisha kazi alikuwa mtu wa kwanza kunipigia simu kuuliza kama huko wameanza zile anwani. Hatukuwahi kumtaja Perisi.

Nilimwandikia Perisi barua kwa sanduku la posta la shule ya Mlali. Sikupata jibu. Mwaka wa pili nilipanda basi niende, nikafika njiani Kibaigwa, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala nimesimama kando ya barabara, nikapanda basi la kurudi Dodoma. Nimeifanya kazi hii sasa miaka zaidi ya ishirini. Nimewaeleza watu wengi kwa nini mabadiliko haya yanakwenda polepole: vifaa ni ghali, wataalamu wachache, ya kale bado yanafanya kazi. Yote ni kweli. Lakini mimi binafsi kila ninapoandika anwani ya kudumu mbele ya jina la mtu, mkono husita, na waliofanya kazi chini yangu wamelalamika kwamba nina uzembe usioeleweka katika jambo hilo moja.

Hombolo nilifika siku ya mazishi saa tano. Baada ya kutoka makaburini tulikaa chini ya turubai kungoja chakula, na mwanamke mwenye mvi, mwembamba, amefunga kanga kiunoni, akawa anapita na beseni la kunawia. Alinimiminia maji kabla hajanitazama. Nilimjua kwa namna alivyofuta mikono yake. "Shikamoo dada Perisi," nikasema. Aliitikia marahaba, akaliweka beseni chini, akakaa kwenye mkeka karibu nami, akauliza habari za mjini. Tuliletewa sahani tukala pamoja. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka mingi na yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba ni mimi niliyempelekea Kaimu jina lake, na kwamba namba haikuwa yake, niliisoma vibaya.

Akasema anajua. Elia alimfuata Mlali miezi michache baada ya yeye kuondoka, akamweleza habari za umeme na za kiti, ila hakumtajia ilikuwa mashine ipi, akamtafutia kazi ya ukarani shuleni. Barua yangu nayo, akasema, aliipata. Tangu hapo Elia alikuwa ndugu. Nilimuuliza kwa nini hakunijibu. Alitafuna taratibu, akameza, akatazama wanawake waliokuwa wanapakua.

"Ningejibu nini?" akasema. "Wewe ulikuwa unaniomba msamaha kwa kunisingizia. Na ile barua ya gazetini niliandika mimi."

Alisema hivyo kwa upole, bila kuinua sauti, kama alivyokuwa akiniwekea uji mlangoni. Nilimtazama usoni. Nilitaka kufurahi na sikuweza, kwa sababu palepale, baada ya miaka yote ile, nilimshuku. Ilinijia kwamba huenda ni kweli, na huenda ameona mwanamke mtu mzima anakaribia kulia kwenye msiba wa watu akaamua kumtua mzigo. Nilikuwa na njia ya kujua. Swali ni moja na jibu lake ni fupi: uliiandikia wapi? Angesema chumba cha takwimu, ningejua kwamba ni kweli. Angesema ni mezani kwake ofisini, ningejua kwamba ananihurumia, maana hapo haikuwezekana. Mtu mwingine yeyote pale turubaini asingeweza kumpima hivyo. Mimi ningeweza, tena kwa neno moja.

Nilivuta pumzi niseme. Perisi alikuwa ameacha kula, ananingoja, kimya kama alivyokuwa akiningojea zamani.

Nikamuuliza ana wajukuu wangapi.

"Wanne," akasema. "Na wa tano yuko njiani."

Akaanza kunitajia majina yao.